Vidole Kumi vya Alhamisi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya alama za vidole, na mashine imenikataa mara tatu. Kwa aliyekosa gazeti lile, nasema kwa kifupi: mimi ni binti wa bucha. Nimepata nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo kusomea udaktari wa mifugo, na ufadhili juu. Kilichobaki ni viza. Na viza inataka vidole kumi.

Sasa vidole vya mtu wa bucha ni vidole gani? Miaka minane ya mifupa, chumvi na maji ya moto ilikuwa imevisugua vyangu mpaka vikawa laini kama mgongo wa kijiko. Dada wa mashine alinionea huruma.

"Nenda kavipumzishe," akasema. "Wiki mbili usishike kisu, usishike sabuni kali. Paka mafuta, vaa glavu. Rudi Alhamisi, saa nne asubuhi. Ukiikosa siku hiyo, viza haitawahi na chuo hakitakusubiri."

Nikaenda kuvipumzisha. Huko kupumzisha ndiko kulikotumwagia damu.

Nyumbani tuko watatu: Mama, kaka yangu na mimi. Baba alifariki akatuachia bucha yenye magogo mawili, kulabu kumi na mbili na wateja wabishi. Kaka wanamwita Shoka, kwa jinsi anavyopasua nyonga ya ng'ombe kwa pigo moja. Aliacha shule wiki ile ile ya msiba, akiwa wa kwanza darasani, ili mimi niendelee. Hilo amenikumbusha mara nyingi kuliko nywele za kichwa changu.

Lakini niseme na haki yake. Jina la kila mfupa wa ng'ombe nilifundishwa na Shoka. Alikuwa akiandika kwa chaki kwenye gogo, nasoma, anafuta, naandika mimi. Kama leo naitwa kwenda kusomea wanyama, mwalimu wangu wa kwanza ni yeye.

Siku ya kwanza ya mapumziko yangu niliketi kwenye benchi la wateja, glavu mikononi, mafuta ya mgando yamejaa ndani. Shoka akanikata jicho.

"Umekuja kununua au kufanya kazi?"

"Kaka, si nimeshakueleza? Vidole."

"Vidole!" Akawageukia wateja. "Jamani, msimsukume mdogo wangu. Vidole vyake vina mimba."

Bucha nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana nilijua Alhamisi inakuja.

Kwa siku kumi na tatu sikushika kitu. Mama alinioshea vyombo, akanifulia, akanifunga vifungo vya blauzi kama mtoto. Shoka alifanya kazi ya watu wawili, asubuhi machinjioni, mchana gogoni, jioni kusugua sakafu. Akipita karibu yangu anapumua kwa pua tu.

Siku ya tano alinitupia kisu miguuni.

"Kiokote."

Sikukiokota. Kililala pale sakafuni mpaka wateja wakawa wanakiruka.

Siku ya tisa nilifungua mlango wa friji kwa kiwiko, akanizaba kofi hadi nikaona nyota. Nikaenda kwa Mama nikilia.

"Amechoka, mwanangu," Mama akasema. "Mvumilie. Wewe si unaondoka?"

Nikapiga moyo konde.

Kwa kitu kimoja nilijiona mwerevu. Shoka nilimdanganya siku. Nilimwambia naitwa Jumanne ya wiki inayofuata, ili kama ana lake moyoni, alifanye nikiwa nimeshapita. Siku ya kweli aliijua mtu mmoja tu hapa duniani ukimtoa dada wa mashine, naye ni Mama. Naomba ulishike hilo.

Jumatano ikafika. Saa sita mchana, jua la utosi.

Nyuma ya bucha tuna uwanja mdogo wenye ukuta. Pale kuna gogo la pili, la kukatia kwato, na jiko la kuni lenye bati zito juu yake. Kwenye bati hilo tunababua vichwa na kwato kuondoa nywele. Likiwa tayari, ukilitemea mate yanaruka kabla hayajatua.

"Mdogo wangu!" Shoka aliniita. "Njoo uniangalizie moto. Sikuambii ushike kitu, uangalie tu. Kuna mteja wa nusu kilo, namhudumia narudi."

Sauti ilikuwa ya upole. Ningepaswa kujua hapo hapo, maana Shoka hana sauti hiyo.

Nilipoingia uwanjani hakuwa amekwenda kwa mteja. Alikuwa nyuma ya mlango. Akaufunga kwa komeo.

"Vua glavu."

"Ya nini?"

"Vua nivione hivyo vidole vya kupandia ndege."

Nikadhani ni utani wake. Nikavua ya kulia. Vilikuwa vimependeza, nakwambia ukweli. Mistari ilikuwa imerudi yote, midogo midogo, mpaka nikaona fahari kumwonyesha.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Kesho saa nne hufiki," akasema.

Sikupata hata nafasi ya kujiuliza amejuaje. Alinipiga goti la tumbo, pumzi ikakatika, akanivuta mpaka kwenye lile jiko la kuni. Nilikaza miguu, ndala zikakatika. Akanigandamiza vidole vinne kwenye bati.

Sauti ya bati lile sitaieleza. Aliyewahi kubabua kwato anaijua, na harufu pia anaijua.

Nilimng'ata sikio nikahisi linavyosagika. Akanibamiza ukutani, kichwa kikagonga kulabu, damu ikaniingia jichoni. Nikampiga teke la goti, akayumba, akanirudia. Akanishika tena mkono ule ule, akanirudisha tena kwenye bati lile lile. Mara ya pili sikupiga kelele. Kelele zilikuwa zimekwisha.

"Basi," akasema. Alikuwa anahema. "Basi, imekwisha."

Akaniachia.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu hapa nimedanganya watu wote. Majirani wanasema nilijitetea. Mmoja wao nilimwambia hivyo mwenyewe, akanipigapiga begani, akasema pole.

Sikujitetea. Kaka alikuwa ameshaniachia. Alikuwa amekwenda kufungua komeo, mlango uko wazi robo. Kisha akarudi akaegemea gogo kwa mkono wa kushoto, amenipa mgongo, mabega yanamtikisika. Shoka alikuwa analia. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua nne.

Panga la mifupa lilikuwa limechomekwa kwenye gogo, pembeni ya mkono wake. Nikalichomoa kwa mkono wa kushoto. Panga lile lina ubapa na lina makali, na mimi nimekulia buchani. Siwezi kuwaambia kwamba sikujua nageuza upande gani.

Nikapiga mara moja.

Vidole viwili vikabaki kwenye gogo, cha shahada na cha kati. Shoka alivitazama kwanza, kama anakagua kazi ya mtu mwingine. Kisha ndipo akapiga ukelele.

Mlango ukasukumwa. Mteja mmoja, mwanamke, akachungulia, mkoba mkononi.

"Jamani, nusu kilo yangu tangu saa..."

Akaona. Mkoba ukamdondoka, akatoka mbio na kelele zake mpaka barabarani. Kwa hiyo msinilaumu kwamba habari ilienea haraka.

Mama akaja amevaa ndala moja. Hakuuliza nani kafanya nini. Alimfunga Shoka mkono kwa aproni, akaikaza kwa meno. Akaviokota vile vidole, akavifunga kwenye karatasi ya nyama, akakunja na pembe, kwa mazoea tu, akaviweka kwenye barafu. Halafu akautazama mkono wangu.

"Vyote vinne?" akauliza.

Aliuliza huku anamtazama Shoka. Niliona ajabu kidogo, lakini maumivu hayakuniacha nifikiri.

Hospitali daktari alifungua karatasi, akafunga, akatikisa kichwa. Havirudishiki. Shoka akalazwa. Mimi nikafungwa bendeji mkono wa kulia, gumba peke yake likabaki nje.

"Umeungua na nini?" mwuguzi akaniuliza.

"Sufuria," Mama akajibu kabla sijafungua mdomo.

Alhamisi nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda! Mniite nisiye na haya, lakini kaka yangu akiwa wodini, mimi saa tatu na nusu niko kwenye foleni ya viza, bendeji mkononi na blauzi niliyoivaa mwenyewe kwa meno. Mama aliniambia ana shughuli mjini, hawezi kunisindikiza.

Dada wa mashine aliponiona alishika kichwa.

"Nilikwambia uvipumzishe!"

"Nilivipumzisha, dada."

"Haya ndiyo mapumziko?"

Nikamwekea mkono wa kushoto kwenye kioo. Taa ya kijani ikawaka, mara ya kwanza, vidole vyote vinne na gumba lake. Nilitamani kulibusu lile limashine. Dada akafikiri, akaenda kuuliza ndani, akarudi.

"Sikiliza. Majeraha ya muda yanaruhusiwa. Nitakuachia nafasi wazi mpaka Jumatatu. Niletee barua ya daktari, iseme umeumia lini na umeumia vipi. Basi, unakwenda."

"Nakwenda?"

"Unakwenda. Ila barua iwe safi. Isiwe na mambo ya polisi ndani yake. Hayo yakiingia, hata mimi sina la kukusaidia."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimeungua, nimepasuka kichwa, nimemkata kaka yangu vidole, na bado nilitabasamu kwenye ngazi. Nayaungama na hayo.

Chini ya ngazi palikuwa na askari mnene, anajipepea kwa faili.

"Wewe ndiye binti wa bucha?"

Nikasimama.

"Tumekwenda kwenu hatukukuta mtu. Jirani anasema amekuona ukielekea ofisi ya viza." Akatazama bango mlangoni, akanitazama mimi. "Jana unakata mtu, leo unatafuta kuvuka mipaka. Una mbio, binti."

"Afande, nilipangiwa leo tangu wiki mbili..."

"Utayasema kituoni."

Kituoni walinikalisha kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi. Afande akatoa karatasi na kidau cha wino. Vidole.

"Huu mkono una vidonda," nikamwambia.

"Hapa hatuna mashine ya kuchagua," akasema. Akachukua mkono wa kushoto, akavibingirisha vidole vyangu kimoja kimoja. Akachukua na gumba la kulia. Alama zikatoka safi, nyeusi, kila mstari unasomeka. Wiki mbili za mafuta zilikuwa zimefanya kazi.

"Sasa ni hivi," afande akasema akinifutia wino kwa gazeti. "Faili liko wazi, lakini mwenye neno ni majeruhi. Akisema ni ajali ya kazi, nalifunga leo leo. Akisema ni wewe, hurudi nyumbani. Twende tukamsikilize."

Wodini Shoka alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani, nyuma ya mlango wa ubao unaotenganisha vyumba. Mkono umefungwa mpaka kiwiko. Sikio nililomng'ata limevimba. Mama alikuwa ameketi miguuni pake, mkoba mapajani.

"Afande," Shoka akasema, "kabla sijasema neno, naomba dakika tano na mdogo wangu."

Afande akatutazama watatu, akaguna, akatoka. Tulisikia benchi la nje likilia alipoketi.

Shoka hakunitukana. Bora angenitukana.

"Unajua nilichofikiri jana usiku?" akaniuliza taratibu. "Mkono wa kushoto ndio wa kushikia nyama. Wa kulia unakata, lakini wa kushoto ndio unaoshika. Sasa mimi nitashika kwa nini?"

Nikautazama ule mkono uliofungwa.

"Umeondoa mkono mmoja buchani. Kaa uwe mkono."

"Kaka, ulinichoma."

"Nilikuchoma. Wewe utapona, daktari kasema wiki tatu. Mimi hivi viwili nitaota vingine?"

Mama akafungua mkoba. Akatoa karatasi iliyochapwa vizuri, na kidude cha wino wa mhuri. Ndiyo ile shughuli yake ya mjini. Wakati mimi niko kwenye foleni ya viza, mama yangu alikuwa kwenye foleni ya duka la kuchapa.

Nikasoma. Ilikuwa barua ya kwenda chuoni. Jina langu lote, namba yangu ya usajili, na mstari mmoja wa maana: naikataa nafasi niliyopewa kwa hiari yangu mwenyewe.

"Huwezi kushika kalamu," Mama akasema. "Weka gumba. Kaka yako atamwambia afande ni msumeno wa mifupa. Wewe uliungua na sufuria. Yaishe, turudi nyumbani."

"Nisipoweka?"

"Nitasema kweli," Shoka akasema. "Kweli tupu. Kwamba nilikuwa nimekuachia."

Kumbe naye alijua. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba lile panga lilikuja baada.

Nikaitazama ile namba ya usajili. Imechapwa sawasawa, haina kosa. Shoka haijui. Karatasi zangu za chuo nilimpa Mama anifichie chini ya godoro lake. Ndipo akili ikaanza kurudi nyuma, kwenye maneno ya Shoka na ya Mama. Kesho saa nne hufiki. Vyote vinne?

"Mama," nikasema. "Nani alimwambia Shoka ni Alhamisi?"

Mama akawa anakunja ukingo wa shuka.

"Mama."

"Nilimwambia kidole kimoja," akasema. Hakuinua macho. "Wewe mwenyewe ulinieleza mashine inataka kumi. Nikasema kimoja kinatosha. Kile kidogo. Kingepona, ungekuwa umechelewa, ungekaa. Nilimzika baba yenu, sikutaka kumsindikiza na mtoto uwanja wa ndege. Kimoja tu, nilimwambia."

"Alikuwa anatapatapa, Mama," Shoka akasema. "Mtu anayetapatapa humshiki kidole kimoja."

Walizungumza hivyo mbele yangu, mtu na mama yake, kama wanajadili ndama. Huyu ndiye aliyenifunga vifungo siku kumi na tatu. Kila asubuhi ananipaka mafuta kidole kwa kidole, ananiuliza, "Vimerudi? Hebu nivione." Nilidhani anafurahi pamoja nami. Moyo uliniuma kuliko mkono, na mkono ulikuwa unaniuma sana.

"Dakika zinakwisha," Shoka akasema.

Mama akafunua kile kidude cha wino, akakisogeza.

"Weka, mwanangu. Sina wengine."

Nikachovya gumba la kushoto. Lilikuwa bado na weusi wa kituoni kwenye kucha. Mama akainyoosha karatasi juu ya mkoba, akaishika pembe mbili isitikisike. Gumba langu likasimama juu ya mstari, na tone la wino likadondoka likachafua neno hiari.

Nilifikiria kukaa. Msidhani sikufikiria. Nililiona gogo, ile chaki, Shoka akishika nyama kwa vidole vitatu, nami nikiwa pembeni kumshikia mpaka uzee wangu. Na kila jioni Mama akituandalia chakula, anatuhesabia vidole mezani.

Nikageuza shingo kuelekea mlangoni.

"Afande!" nikaita kwa sauti yote niliyobaki nayo. "Ingia! Njoo na kalamu yako, nina maelezo. Andika kuanzia kwangu."

"Nyamaza!" Shoka akafoka. Akajaribu kuinuka, akausahau mkono, akauegemea, akalia kama ng'ombe.

Benchi la nje likalia tena. Viatu vya afande vikaanza kuja.

Mama akanirukia. Akanishika kifundo cha mkono, mshiko ule ule wa Shoka, na nguvu ambazo sikujua anazo, akaanza kuuvuta mkono wangu chini kwenye karatasi. Nikakaza. Akaning'ata bega. Kitasa kikazunguka, na gumba langu likaigusa karatasi.